Ukitaka Kuuelewa Mwezi, Litafute Jua

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote kuhusu anga ni hili la kwa nini mwezi hubadilika umbo, na karibu kila anayeuliza huwa amekwisha kujipatia jibu. Dunia, anasema, hujiweka kati ya jua na mwezi, na kivuli chake ndicho kinachoumega mwezi kidogo kidogo hadi unatoweka, kisha kivuli kikipita mwezi unarudi. Jibu hilo limeenea mno, na nimelisikia hata kwa watu waliosoma sana. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu anayeliamini hunyimwa nafasi ya kuona jambo lililo zuri kuliko orodha yoyote ya majina ya kukariri, nalo ni kwamba umbo la mwezi, mahali ulipo angani na saa unayochomoza vimefungamana kiasi kwamba ukijua kimoja umejua vyote vitatu.

Njia ya haraka ya kulipima jibu la kivuli ni kujiuliza, kila unapouona mwezi, jua liko wapi. Kivuli cha kitu chochote huangukia upande wa pili kutoka kwenye taa, kwa hiyo kivuli cha Dunia daima kimeelekea kinyume cha jua. Mwezi mchanga huonekana magharibi, chini, muda mfupi baada ya jua kuzama upande huohuo. Wakati huo kivuli cha Dunia ndiyo kwanza kinainuka mashariki, nyuma ya mgongo wa anayetazama, na hakiwezi kwa namna yoyote kuufikia mwezi ulio mbele yake. Au chukua alasiri ambayo nusu mwezi na jua vyote viko juu ya upeo wa macho, jambo linalotokea kila mwezi: kivuli cha Dunia kiko upande wa chini ya nyayo zetu, na bado mwezi umekatika nusu. Giza tunaloliona kwenye mwezi ni usiku wa mwezi wenyewe, yaani ni upande wa tufe ulioligeuzia jua kisogo, sawasawa na usiku wetu hapa duniani.

Mwanafalsafa wa Kigiriki Anaxagoras, aliyeishi katika karne ya 5 KK, alikwisha kufundisha kwamba mwezi hauna nuru yake na kwamba huazima ya jua. Ukilikubali hilo, yaliyobaki yanafuata kwa mantiki. Nusu ya mwezi ina mchana na nusu ina usiku wakati wote, isipokuwa katika zile saa chache za kupatwa. Kinachobadilika ni sehemu ya hiyo nusu yenye mchana inayotuelekea sisi. Mwezi ukiwa upande uleule wa jua, mchana wake wote unalitazama jua na sisi tunatazamwa na usiku wake, kwa hiyo hatuoni kitu. Ukiwa kinyume cha jua, tunauona mchana wake mzima, nao ndio mwezi mpevu. Ukiwa katikati ya hali hizo mbili, pembeni mwa jua kwa nyuzi 90, tunaona nusu ya mchana na nusu ya usiku, na ndiyo maana hali hiyo huitwa robo ingawa macho yanaona nusu duara: kilichotimia ni robo ya mzunguko.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko michoro yote ya vitabuni, na halihitaji chochote zaidi ya mpira mdogo mweupe usiong'aa. Subiri siku ambayo mwezi unaonekana mchana, jua likiwaka. Simama mahali palipo wazi, unyooshe mkono na uushike mpira ukiwa karibu na mwezi machoni pako, kana kwamba vimetundikwa pamoja. Utaona mpira una umbo lilelile la mwezi: kama mwezi ni nusu, sehemu ya mpira inayowaka jua nayo ni nusu, kama mwezi umezidi nusu, mpira nao umezidi nusu, na mpaka kati ya nuru na giza umeinama kwa namna ileile juu ya vyote viwili. Sasa usogeze mpira taratibu kuelekea upande wa jua. Sehemu yenye nuru inapungua mbele ya macho yako hadi kubaki hilali nyembamba. Uondoe polepole kwenda upande wa pili wa anga, na nuru inajaa tena. Hakuna kivuli cha kitu kingine kilichougusa mpira wakati wote huo. Nimewaonyesha jaribio hili watu wazima na watoto, na sijawahi kumwona aliyeng'ang'ania jibu la kivuli baada ya kulifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Jaribio hilo linafanikiwa kwa sababu jua liko mbali sana. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, ilhali jua liko kilomita milioni 150 hivi, karibu mara 390 ya umbali huo, kwa hiyo miale inayoupiga mpira na ile inayoupiga mwezi hutoka karibu upande uleule kabisa. Aristarchus wa Samos, katika karne ya 3 KK, aliligeuza jambo hili kuwa kipimo. Alitambua kwamba mwezi unapokuwa nusu kamili, pembe iliyopo mwezini kati ya jua na Dunia ni pembe mraba, yaani nyuzi 90, na kwamba mtu akipima pembe kati ya mwezi na jua angani wakati huo anaweza kujua jua liko mbali mara ngapi kuliko mwezi. Alitumia pembe ya nyuzi 87 na kupata kwamba jua liko mbali kati ya mara 18 na 20. Pembe halisi inakaribia mno nyuzi 90, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomwangusha kwenye hesabu, lakini njia yenyewe haina kasoro. Kwangu mimi, kwamba mtu aliupima umbali wa jua kwa kutazama tu umbo la mwezi ni miongoni mwa mambo makuu ambayo akili ya binadamu imewahi kuyafanya.

Turudi kwenye saa. Mwezi huizunguka Dunia kuelekea mashariki, na kila siku huachana na jua kwa nyuzi 12 hivi. Kwa sababu hiyo huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Saa nitakazozitaja ni za siku ambazo mchana na usiku vinakaribia kulingana. Siku nyingine zitasogea, ila mpangilio ni uleule. Mwezi mchanga huwa nyuma kidogo ya jua, kwa hiyo huchomoza baada ya jua asubuhi, hupita angani mchana kutwa bila kuonekana kwa urahisi, na huzama muda mfupi baada ya jua. Robo ya kwanza huchomoza saa 6 mchana, huwa juu kabisa jua linapotua, na huzama saa 6 usiku. Mwezi mpevu, kwa kuwa uko kinyume cha jua, hauna budi kuchomoza jua linapozama na kuzama jua linapochomoza. Robo ya mwisho huchomoza saa 6 usiku na kuwa juu kabisa alfajiri, na ndiyo hiyo watu huiona asubuhi wakiwa njiani na kushangaa kwamba mwezi upo mchana. Mwisho kabisa, hilali ya kufungia mwezi huonekana mashariki kabla ya mapambazuko, ikilitangulia jua.

Ndiyo maana mchoraji anayeweka hilali nyembamba juu ya paa saa 6 usiku amechora kisichowezekana, labda awe amesimama karibu na ncha za Dunia. Hilali daima iko karibu na jua, na saa 6 usiku jua liko chini kabisa ya miguu yetu. Msimulizi anayesema wasafiri walianza safari jioni huku mwezi mpevu ukizama amesema lisilowezekana vilevile. Na zile picha za vitabu vya watoto zinazoweka nyota katikati ya pembe mbili za hilali zimesahau kwamba mwezi bado ni tufe zima: mahali pale pana mwamba, na nyota iliyo nyuma yake haiwezi kupenya. Silaumu michoro kwa kuwa michoro, ila nadhani mtoto anastahili kuambiwa ukweli huu mapema, kwa kuwa unamfundisha kwamba mwezi ni mahali penye umbo na ujazo.

Kasi ya mabadiliko yenyewe haiko sawa mwezi mzima, na jambo hili huwachanganya wengi. Siku za karibu na robo, sehemu yenye nuru huongezeka au hupungua kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja, kiasi kwamba tofauti ya jana na leo iko wazi. Karibu na mwezi mpevu, hali ni kinyume: siku moja kabla na siku moja baada, karibu asilimia 99 ya uso wake ina nuru, na jicho haliwezi kutofautisha. Kwa usahihi, kupevuka ni tukio la dakika moja, yaani pale mwezi unapofikia upande wa pili wa Dunia kutoka kwenye jua, lakini kwa mtazamaji mwezi mpevu hudumu siku mbili tatu.

Wengi pia hudhani kwamba nusu mwezi hutoa nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Kwa kweli hutoa takriban sehemu moja tu ya kumi. Siku ya robo, jua linaupiga uso tunaouona kwa pembeni, na kila jiwe, kila ukingo wa kasoko, yaani shimo la duara lililo mwezini, na kila chembe ya vumbi ina kivuli chake kinachofifisha nuru. Siku ya kupevuka, jua liko nyuma yetu, vivuli vyote vimejificha chini ya vitu vyenyewe, na vumbi la mwezi lina tabia ya kurudisha mwanga kule ulikotoka. Mtu aliyewahi kutembea usiku kwenye mbalamwezi, kisha akarudi njia ileile siku saba baadaye, anaijua tofauti hiyo hata kama hakuwahi kuipima.

Vivuli hivyohivyo ndivyo vinavyoufanya mwezi usiopevuka uwe bora zaidi kuutazama. Mwenye darubini ndogo, hata ile ya kushika mkononi, asisubiri mwezi mpevu, kwa kuwa siku hiyo uso wake huonekana bapa, bila milima wala mabonde, isipokuwa ile miale myeupe inayotawanyika kutoka kwenye kasoko la Tycho. Atazame siku za robo, na aelekeze macho kwenye mpaka wa nuru na giza. Hapo ndipo jua linachomoza mwezini kwa wakati huo. Kuta za makasoko zimenyanyuka, upande mmoja ukiwaka na mwingine ukiwa mweusi tititi, na ndani ya giza, mbali kidogo na mpaka, utaona vidoa vya nuru vimesimama peke yake: ni vilele vya milima ambavyo jua limevifikia huku mabonde yaliyo chini yake yakiwa bado usiku. Siku moja au mbili baada ya robo ya kwanza, kasoko la Copernicus, lenye upana wa kilomita 93, hutokeza mpakani, na ngazi za kuta zake zinaonekana wazi. Mwezi ukiwa na umri wa siku 10 hivi, milima ya Jura iliyouzunguka uwanda wa Sinus Iridum hupata jua kabla ya uwanda wenyewe, na upinde wa nuru huning'inia gizani kwa saa kadhaa. Mpaka huo, kwenye ikweta ya mwezi, husogea kwa kilomita 15 hivi kwa saa, mwendo ambao mkimbiaji hodari angeweza kwenda nao sambamba. Ukitazama kwa saa mbili tatu bila haraka, utakiona kilele kipya kikizaliwa.

Galileo aliyaona hayo kwa darubini yake na kuyachapisha mwaka 1610, akaonyesha kwamba mwezi una milima, na kwa kutumia vile vidoa vya nuru gizani alikadiria urefu wa milima hiyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo aliona kwamba sayari ya Zuhura nayo hupitia maumbo kama ya mwezi, kuanzia hilali hadi duara. Kwa sababu umbo hueleza nafasi ya kitu kulingana na jua, ugunduzi huo ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba Zuhura hulizunguka jua. Ninautaja kwa kuwa unaonyesha uzito wa kanuni tunayoizungumzia: ni ileile inayotuambia saa ya mwezi kuchomoza, na ndiyo iliyosaidia kuiondoa Dunia katikati ya ulimwengu.

Sasa niseme kuhusu kulia na kushoto, kwa maana hapa maelezo mengi yaliyoandikwa huwapotosha watu wa sehemu nyingine. Vitabu vilivyoandikiwa wakazi wa Ulaya husema kwamba mwezi unaokua huwa na nuru upande wa kulia, na unaofifia upande wa kushoto. Hilo ni kweli kwa aliye kaskazini ya mbali. Aliye kusini ya mbali, kwa mfano Australia, huona kinyume, kwa sababu anautazama mwezi akiwa ameelekea kaskazini, na kwake kila kitu kimepinduka. Na aliye karibu na ikweta haoni kulia wala kushoto: hilali ya jioni hulala chali, pembe zake zikielekea juu, kwa sababu jua limezama wima na liko moja kwa moja chini yake. Robo ya mwisho ikichomoza usiku wa manane katika sehemu hizo, hutokeza ikiwa imeinamisha upande wake wenye nuru, kwa kuwa jua liko chini zaidi, likija nyuma yake. Kanuni inayofaa kila mahali ni moja tu: upande wenye nuru hulielekea jua. Kama jua halionekani, mwezi wenyewe unakuonyesha liliko.

Kuna jambo moja linaloonekana kuipinga kanuni hiyo, nami hulipenda kwa sababu linaadhibu haraka ya macho. Alasiri moja, jua likiwa chini magharibi na mwezi uliozidi nusu ukiwa umeinuka mashariki, utauona upande wenye nuru kana kwamba umeelekea juu, angani kusiko na kitu, badala ya kulielekea jua. Wapo wanaodhani wamegundua kasoro ya sayansi. Dawa yake ni uzi. Unyooshe uzi kwa mikono miwili mbele ya macho yako, ncha moja iuguse mwezi na nyingine ielekee jua, kisha ufuatilie uzi kuanzia mwezini: utakuta unatoka kwenye ukingo wenye nuru kwa unyoofu kabisa na kulifikia jua bila kupinda. Anga hutuonekea kama kuba, na mstari ulionyooka uliotandazwa juu ya kuba hilo hutudanganya kwa kuonekana umejikunja.

Kivuli cha Dunia, ambacho tangu mwanzo nimekiondoa kwenye hadithi, kina mahali pake halali, nako ni kupatwa kwa mwezi. Kupatwa huko hakutokei ila siku ya mwezi mpevu, na kupatwa kwa jua hakutokei ila siku ya mwezi kuwa upande wa jua. Swali la haki ni kwa nini basi havitokei kila mwezi. Njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 na ushee kulingana na njia ya Dunia kulizunguka jua. Nyuzi 5 zinasikika kidogo, lakini mwezi wenyewe angani una upana wa nusu nyuzi tu, na kivuli kizito cha Dunia, kikifika umbali wa mwezi, hakifikii upana wa miezi mitatu iliyopangwa sambamba. Kwa hiyo miezi mingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli bila kuguswa, na nafasi ya kukutana huja takriban kila baada ya miezi sita. Aliyewahi kuona kupatwa hawezi kukuchanganya na umbo la kawaida: giza huja kwa saa chache na si kwa majuma, ukingo wake umefifia na umejipinda kwa duara kubwa, na mwezi ukizama wote kivulini hugeuka rangi ya shaba. Aristotle aliutumia ukingo huo wa duara kama ushahidi kwamba Dunia ni tufe.

Kipindi kizima kutoka mwezi mpevu hadi mwingine ni siku 29.53 kwa wastani, ilhali mwezi hukamilisha duara moja kuizunguka Dunia, ukipimwa kwa nyota, kwa siku 27.32. Tofauti hiyo ya siku mbili na zaidi inatokana na Dunia yenyewe kusonga mbele katika safari yake ya kulizunguka jua. Mwezi unapomaliza duara, jua limekwisha kuhamia upande mwingine wa anga kwa nyuzi 27 hivi, na inaulazimu mwezi utembee siku mbili zaidi ndipo uwe tena mahali palepale kulingana na jua. Hapa tena umbo linajibu kwa jua, halijibu kwa nyota.

Kwa sababu mwezi hutuonyesha uso mmoja daima, wengi huuita upande wa pili upande wa giza. Jina hilo lingeachwa. Upande huo, uliopigwa picha kwa mara ya kwanza na chombo cha Luna 3 cha Usovieti mwaka 1959, hupata jua kama huu wetu, na siku tusiyouona mwezi kabisa ndiyo siku ambayo upande ule una mchana kamili. Mahali popote mwezini mchana hudumu karibu majuma mawili na usiku majuma mawili. Waliopanga safari za Apollo, zile za Wamarekani kwenda mwezini, waliitumia hesabu hii kwa makini: walipoteremka watu wa Apollo 11 tarehe 20 Julai 1969, mahali pale palikuwa asubuhi, jua likiwa takriban nyuzi 10 tu juu ya upeo, ili vivuli virefu vimwonyeshe rubani mawe na mashimo. Kutoka hapa duniani, mwezi ulionekana siku hiyo ukiwa bado haujafika robo ya kwanza.

Waliosimama kule waliiona Dunia nayo ikiwa na maumbo, yakiwa kinyume cha yale ya mwezi. Mwezi wetu ukiwa hilali, Dunia angani mwa mwezi inakaribia kuwa duara kamili, nayo ina upana wa karibu mara nne ya mwezi tunaouona sisi na huakisi mwanga kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya kile cha mwezi. Huo ndio mwanga unaofika kwenye upande wa usiku wa mwezi mchanga na kuufanya uonekane kwa rangi ya kijivu ndani ya mikono ya hilali. Leonardo da Vinci aliueleza mwanzoni mwa karne ya 16, akidhani bahari zetu ndizo zinazong'aa. Leo tunajua mawingu ndiyo yanayotoa sehemu kubwa. Siku ambazo hilali ni nyembamba na anga ni safi, tazama vizuri: nuru hiyo hafifu imetoka kwenye jua, ikapiga Dunia, ikaenda mwezini na kurudi tena machoni pako.

Bahari nayo hufuata hesabu hii. Mwezi ukiwa upande wa jua au kinyume chake, mvuto wa vyote viwili hushirikiana na kuleta bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Siku za robo mivuto hiyo hukatana na kuleta maji mafu. Mchango wa jua haufiki nusu ya ule wa mwezi, kwa hiyo kujaa na kupwa hakukomi kamwe, hupungua tu.

Limebaki suala la kalenda. Kuandama kwa mwezi kunakoonekana kwa macho si sawa na ule wakati ambapo mwezi unapita upande wa jua. Katika miaka ya 1930 mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alionyesha kwamba mwezi ukiwa umeachana na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi hilali haionekani kabisa, na kwa kawaida huhitaji umri wa siku nzima au karibu na hapo ili jicho tupu liupate. Kwa hiyo watu wa nchi mbalimbali wanaweza kuuona kwa jioni tofauti bila yeyote kati yao kukosea, kwa sababu wa magharibi zaidi hupewa saa za ziada za mwezi kukua kabla jua lao halijatua. Miezi 12 ya mwandamo hufanya siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kalenda ya Hijria huuacha upungufu huo uende, na miezi yake huzunguka majira yote; kalenda ya Kiyahudi huongeza mwezi wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19.

Hiyo 19 haikuokotwa tu. Miaka 19 ya jua na miezi 235 ya mwandamo hutofautiana kwa saa mbili tu hivi, ulinganifu ambao Meton wa Athens aliutangaza mwaka 432 KK. Maana yake ni kwamba kila baada ya miaka 19 mwezi hurudia umbo lilelile katika tarehe ileile, kwa tofauti isiyozidi siku moja au mbili. Tarehe 20 Julai mwaka 1988, na tena mwaka 2007, mwezi ulikuwa ukikaribia robo ya kwanza, kama ulivyokuwa siku ya Apollo 11. Ukitaka kujua mwezi ulikuwaje siku uliyozaliwa, utazame siku utakapotimiza miaka 19, 38, 57 au 76, na kwa kuwa sasa unajua umbo hilo linaambatana na saa gani, utajua pia kama ulikuwa juu ya upeo wa macho ulipolia kwa mara ya kwanza.